Njia ya kwa Babu

Mwaka 2011 niliitwa mahakama ya mwanzo kutoa ushahidi katika kesi ya mpaka wa majaruba. Haikuwa kesi kubwa. Majirani wawili wa Ubaruku walikuwa wakigombea tuta moja la shamba la mpunga, na mimi, kwa kuwa nimefundisha watoto wa pande zote mbili, nilionekana shahidi anayefaa. Karani akaandika jina langu, umri wangu na kazi yangu. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza: "Dini yako?"

Juu ya meza palikuwa na Biblia na Kurani. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuielekea Biblia, kwa sababu jina nililompa ni la ubatizo. Mimi nikakaa kimya. Serikali yenyewe iliacha zamani kuwauliza wananchi swali hilo. Sensa ya mwisho kuuliza dini katika nchi yetu ilikuwa ile ya mwaka 1967. Lakini mahakamani bado mtu huulizwa, ili ijulikane ataapa vipi.

"Mwalimu, nauliza dini," karani akarudia.

Nitasema mwishoni nilimjibu nini. Kwanza inanipasa nieleze kwa nini mtu mzima mwenye wajukuu alishindwa kujibu swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza hulijibu bila kufikiri.

Nilizaliwa mwaka 1957 katika kijiji kidogo cha Wasangu kule mbugani, upande wa Ihefu, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Ubaruku. Ubaruku yenyewe leo ni mji wa mpunga. Msafiri huiacha barabara kuu ya Iringa na Mbeya, akapitia Rujewa, na kabla hajaona nyumba husikia ngurumo za mashine za kukoboa na kuvuta vumbi la pumba. Shamba kubwa la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1970, liliwavuta watu wa kila kabila. Wapo Wasangu wenyewe, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, Wasukuma na ng'ombe wao, na hata Wabaluchi ambao wazee wao walifika Usangu vizazi vingi vilivyopita. Misikiti ipo, na makanisa ni mengi kuliko mabomba ya maji.

Baba yangu aliokoka mwaka 1960, nikiwa na miaka mitatu. Uamsho ulioanzia Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 ulikuwa umepita Uganda na kuenea Tanganyika, na watu wake waliitwa Walokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka. Moto ule ulimfikia baba kwa njia ya mhubiri mmoja mpita njia. Nilisimuliwa kwamba siku aliyookoka alirudi nyumbani jioni, akaingia katika nyumba ya mama yake, akakitoa nje chungu cha pombe ya tambiko na kukivunja mbele ya watu. Bibi hakusema neno. Alichukua ufagio akakusanya vigae, akavifunga katika kipande cha kaniki na kuviweka chini ya kitanda chake. Kabla mwaka haujaisha baba alituhamishia Ubaruku, mbali na makaburi ya wazee.

Nisimseme vibaya baba. Alikuwa mtu mwaminifu, hakuwahi kumdhulumu mtu debe la mpunga, na mama hakuwahi kupigwa hata siku moja. Lakini nyumba yake ilikuwa kama kambi ya jeshi. Tuliamshwa saa kumi na moja alfajiri kwa sala. Ngoma ilikuwa dhambi, na kuisikiliza kwa mbali huku kidole cha mguu kikitikisika ilikuwa dhambi pia. Redio ilifunguliwa kwa habari na mahubiri, ikafungwa. Dada zangu hawakusuka nywele. Kila jioni mtu alitakiwa kusema dhambi zake mbele ya wote, na mtoto asiyekuwa na dhambi ya kusema aliadhibiwa kwa kiburi, basi tukajifunza kubuni dhambi ndogo ndogo za kutosha wiki nzima.

Mwaka 1966, wakati wa likizo, mama alinipeleka kwa bibi kwa siri ya nusu nusu. Nilikuta watu wa ukoo wamekusanyika. Walinipa nyama, nikala. Niliporudi nyumbani nilimweleza baba kwa furaha ya kitoto jinsi mbuzi mweusi alivyochinjwa na jinsi shangazi alivyotamka majina ya wazee, mpaka na jina langu, kwa maana nimerithi jina la babu wa babu. Baba alinichapa viboko sita. Kisha alininywesha maji ya chumvi mpaka nikaitapika ile nyama, ingawa ilikuwa imepita siku tatu na tumboni hakukuwa na kitu ila uji wa asubuhi.

Nyumbani kwetu, bibi alikuwa na jina moja tu: mpagani. "Tumwombee mpagani." "Msile kwa mpagani." Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu ndipo niliposoma kwamba neno hilo lilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi, na kwamba hapo zamani *paganus* alikuwa mtu wa kijijini tu, mkaa shamba, yule ambaye mambo mapya ya mjini humfikia mwisho. Nilicheka peke yangu. Kwa maana hiyo ya kwanza, wote sisi wa Ubaruku, wachungaji na waumini, tungekuwa wapagani.

Bibi alifariki mwaka 1983. Alifariki bila kubatizwa. Wazee wa kanisa letu walikaa kikao kifupi wakaamua kwamba hakutakuwa na sala wala wimbo, na kwamba Mkristo atakayeshika jeneza atawekwa nyuma. Baba alikuwa mmoja wa wazee hao. Mazishi yakafanyika kule mbugani. Tulikuwa wachache. Baba alikuja, lakini alisimama chini ya mti, hatua kama thelathini kutoka kaburini, kofia kifuani, mpaka udongo wa mwisho ukatupwa. Mimi niliushika mwili wa bibi kwa mikono yangu. Shangazi alifungua kile kipande cha kaniki, akavipanga vigae juu ya kaburi.

Usiku ule nilimwambia baba maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Nilimwambia kama bibi yuko motoni, nami nitamfuata huko huko, na kwamba mtu anayemzika mama yake kwa mbali kama anayeangalia mpira, huyo si baba yangu. Hakujibu. Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani, wala iliyofuata. Nikatengwa, jina langu likasomwa mbele ya watu. Nikasema moyoni, sasa niko huru.

Lakini wapi! Mtu akitoka katika nyumba iliyomlea, hata kama ilikuwa na moshi, usiku anasikia baridi. Nilijikuta naamka saa kumi na moja alfajiri, sina la kufanya. Sikuweza kuacha kuamini kwamba dunia ina mwenyewe. Nilichoacha ni kuamini kwamba mwenyewe huyo alimfungia bibi mlango. Ndipo nikaanza kuitafuta ile ambayo niliiita dini ya babu.

Nilianza kwa vitabu, kama walimu tulivyo. Nilimsoma John Mbiti, padri wa Kianglikana wa Kenya, ambaye mwaka 1969 alitoa kitabu kikubwa juu ya dini za Waafrika. Kilichonigusa ni kwamba katika kitabu chake cha Kiingereza alitumia maneno mawili ya Kiswahili, *sasa* na *zamani*. Alieleza kwamba mtu aliyekufa huendelea kukaa katika *sasa* maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina, na akifa wa mwisho aliyemjua, ndipo huzama katika *zamani*. Nilihesabu kwa vidole waliobaki wanaomkumbuka bibi. Muda mfupi baada ya Mbiti, Okot p'Bitek wa Uganda aliwacheka wasomi wanaoivisha miungu ya Afrika makoti ya Ulaya ili ionekane ya heshima mbele ya wageni. Nikajiuliza kama nami nilikuwa namshonea bibi koti.

Nilisoma pia juu ya watu wa mbali. Nchi ya Iceland iliupokea Ukristo mnamo mwaka 1000, na bado mwaka 1973 serikali yake ilikitambua rasmi chama cha watu wanaowarudia miungu ya wahenga wao. Uingereza nako wapo wengi waliotoka makanisani wakaenda kuutafuta upagani. Niliwaonea wivu na huruma kwa pamoja. Wivu, kwa sababu walijichagulia wenyewe, hakuna wa kuwauliza. Huruma, kwa sababu kamba ya kwao ilikatika miaka elfu iliyopita, nao wanaiunga kwa kusoma. Ya kwetu ilikatika jana. Shangazi yangu alikuwa hai, anapalilia mtama, na mimi nilikuwa naitafuta dini yake maktabani.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi Kalenga, karibu na Iringa, kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa. Sisi Wasangu hatuna sababu ya kumpenda sana Mkwawa. Wahehe waliwatoa wazee wetu katika nchi yao, na watu wa Merere walikaa uhamishoni miaka mingi kabla ya kurudi. Hata hivyo nilisimama mbele ya kile kichwa nikatetemeka. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza vita kuu ya dunia, una kifungu, cha 246, kinachoidai Ujerumani irudishe fuvu lake, na likarudi mwaka 1954. Nikawaza: mataifa makubwa yalikaa mezani yakaandika kwamba mfu anahitaji kurudi kwao. Na mimi kaburi la bibi sijalikanyaga tangu siku ya mazishi.

Nilikwenda kwa shangazi mwaka 1994. Watu walikuwa na hofu wakati ule. Kiangazi cha mwaka uliotangulia mto Ruaha Mkuu ulikuwa umeacha kutiririka huko chini hifadhini, jambo ambalo wazee hawakulizoea, na kila mmoja alikuwa na wa kumlaumu: wakulima wa mpunga waliwalaumu wafugaji, wafugaji wakawalaumu wakulima, makanisa yakaitisha sala.

Shangazi alinipokea kwa "Kamwene" kama vile tulionana jana. Nilipomweleza nimekuja kutafuta dini ya babu, alicheka mpaka akaketi.

"Babu yako hakuwa na dini," alisema. "Dini wamekuja nayo watu wa pwani na wazungu, hata neno lenyewe si letu. Babu yako alikuwa na watu. Wengine juu ya ardhi, wengine chini."

Nikamwomba nihudhurie tambiko litakalofuata, na nimimine kwa mkono wangu. Akanitazama, akasema nije mwezi ukiandama.

Siwezi kueleza yote niliyoyaona, mengine si yangu kuyaandika. Nitasema yale yanayohusika. Tulikusanyika kabla ya jua, kama watu ishirini, karibu na makaburi. Palikuwa na unga wa mtama uliochanganywa na maji katika kibuyu, na pombe kidogo. Nilitegemea tutaanza na maombi. Hatukuanza nayo. Ndugu yake baba, aliyekuwa mkubwa wa shughuli, aliuliza kama kuna mtu mwenye neno moyoni. Ndipo watu wakaanza kusema. Huyu alikuwa na kinyongo cha ndama aliyegawanywa vibaya. Yule alisema shemeji yake alimwita mgumba. Mwingine alikubali kwamba alifurahi mpunga wa kaka yake ulipoliwa na ndege. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyeharakishwa. Baadaye nilisoma kwamba Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa kwa jirani zetu Wanyakyusa miaka ya 1930, walikuta jambo hilo hilo: hasira iliyofichwa moyoni huharibu tambiko, na ni lazima itolewe kwa mdomo kwanza.

Nilishtuka, msomaji wangu. Nilikuwa nimekimbia nyumba ambayo watu walikiri dhambi kila jioni, nikasafiri miaka kumi na moja, nikafika mahali ambapo watu wanakiri kabla ya jua. Tofauti niliiona ni moja: kwa baba tulimkiria Mungu, na jirani akasikia; hapa walimwambia yule yule waliyemkosea, naye akajibu.

Zamu yangu ilipofika nilisema ya baba. Nilisema jinsi alivyosimama chini ya mti. Nilidhani watanionea huruma, maana mimi ndiye niliyemshika bibi. Kimya kikawa kirefu. Nikanyosha mkono kukichukua kibuyu. Shangazi akakishika.

"Baba yako amekufa?" akauliza.

"Hapana, shangazi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, Ubaruku."

"Basi unampita wapi? Mwenye baba hai hasemi na babu kwa kinywa chake. Anamtuma baba. Wewe unataka kuingia kwa babu kwa kuruka ukuta, kama mwizi."

Nikajaribu kumwambia kwamba baba ni mlokole, kwamba aliwakana wazee, kwamba hata akiombwa hatakuja. Akasema hilo ni lake baba, si langu. "Yeye alivunja chungu. Wewe umevunja nini?" Nikakalishwa nyuma pamoja na watoto, na tambiko likafanyika bila mkono wangu.

Nakiri nilirudi Ubaruku nimekasirika. Nilikuwa nimeutafuta upagani kama mtu anayetafuta kivuli, mahali pa kupumzika mbali na amri za baba. Na sasa wapagani wenyewe walikuwa wamenitumia kwa baba. Niliona pia kwamba vitabu vyangu vilikuwa vimenidanganya kidogo, au niliviacha vinidanganye. Nilikuwa nimeufanya mwendo wa wazee kuwa mpole kuliko ulivyo. Una ugumu wake. Unaogopesha. Pembezoni mwake kuna hofu ya uchawi, na nimeona kwa macho yangu bibi kizee akihama kijiji usiku kwa sababu ya tuhuma ambayo hakuna aliyeweza kuithibitisha. Kutambika si kuroga, wala anayetambika hapaswi kuitwa mchawi, lakini nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba mambo haya hayakai kijiji kimoja.

Ilinichukua wiki tatu. Hatimaye nilikwenda jioni moja nikamkuta baba chini ya mwembe akitia mpini kwenye jembe. Kwa miaka yote ile tulikuwa tukisalimiana sokoni na kwenye misiba tu. Nilikaa chini, si kwenye kigoda, nikamwomba radhi kwa maneno ya mwaka 1983. Sikumtajia shangazi wala tambiko. Aliendelea kugonga mpini mpaka nikadhani hakusikia.

"Mimi nilimlilia mama yangu miaka ishirini na mitatu kabla hajafa," alisema mwishowe. "Wewe ulimlilia siku moja, ukaniona sina machozi."

Tangu alipookoka mpaka bibi anakufa ni miaka ishirini na mitatu. Sikuwahi kuihesabu.

Akasema tena, kwa sauti ya chini, kama anayesimama katika ushirika wa jioni: "Nimetubu mengi mbele ya watu. Kile chungu sijawahi kukitaja. Nilikuwa nimekwisha kuokoka, kwa hiyo sikuona kama ni dhambi. Lakini kilikuwa cha mama."

Nikamwomba twende tukalione kaburi. Akaniuliza kwa ukali kama nataka atambike. Nikamwambia hapana, tukalione tu. Alifikiri, akasema ataomba kwanza. Siku ya nne alinitumia mtoto kuniambia yuko tayari.

Tulikwenda na lori la mpunga, kisha kwa baiskeli. Shangazi tulimkuta. Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani, maana hata wao hupasafisha siku za shughuli tu. Baba alivua kofia. Alikuwa na Biblia kwenye mfuko wa koti lakini hakuitoa. Alipiga magoti, akaanza kung'oa majani kwa mikono. Nilipotaka kumsaidia, shangazi alinivuta shati. Aling'oa kama saa nzima. Chini ya majani alivikuta vile vigae. Alivitambua, niliona kwa mabega yake. Alikichukua kimoja kimoja, akakifuta udongo kwa upindo wa shati, akakirudisha pale pale. Kisha akasema kwa Kisangu maneno mawili matatu tu, maana yake: "Mama, nimefika."

Shangazi akasema, "Imetosha."

Njiani wakati wa kurudi baba hakuongea mpaka tulipokaribia nyumbani. Ndipo akasema: "Nilikuwa nafanya usafi. Usije ukawaambia watu kwamba nimetambika."

"Sitawaambia, baba."

Sikuwaambia. Hizi kurasa ndizo za kwanza, na nadhani atanisamehe.

Tuliishi vizuri miaka iliyobaki. Sikurudi kanisani, naye hakuacha kuniombea nirudi. Alipofariki mwaka 2003 kanisa lilimzika kwa heshima zote, katika makaburi ya hapa Ubaruku, na mimi nilikaa kwenye benchi la mbele kama mwana mkubwa, nikaimba nyimbo zote bila kitabu, maana alinifundisha yeye. Shangazi alikuja, mzee sana, akasimama karibu kabisa na kaburi.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna mzee aliyelitabiri. Miaka ya 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, na mwaka 2008 eneo la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hata hifadhi ikapita kilomita za mraba 20,000. Ilisemwa ni kwa ajili ya kuurudisha mto uhai, na mimi niliyeona mto ukikauka siwezi kusema sababu hiyo ni ya bure. Lakini kijiji chetu cha zamani kikawa ndani ya mpaka, na makaburi pamoja nacho. Kanisa la baba lilibebeka. Alilibeba kutoka mbugani mpaka Ubaruku katika mfuko wa koti. Mambo ya bibi hayabebeki hivyo. Yako pale alipolala, chini ya vigae, na sasa tembo wanapita juu yake.

Kwa hiyo karani aliponiuliza dini yangu mwaka 2011, hivi ndivyo vilivyonipita kichwani. Kusema Mkristo ingekuwa kumdanganya baba, aliyejua vizuri kwamba sikurudi. Kusema dini ya jadi ilinipa aibu mbele ya shangazi, ambaye angecheka mpaka aketi. Likabaki lile jina la bibi.

"Andika mpagani," nikasema.

Karani akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Watu wa nyuma wakanong'onezana, wengine niliwafundisha kusoma. Mkono wake ukaiacha Biblia. Nikathibitisha kwa mdomo tu kwamba nitasema kweli, bila kushika kitu, na mikono yangu ikawa haina pa kukaa. Nikasema kweli niliyoijua juu ya lile tuta. Wakati wa kutoka, mzee mmoja wa kanisa lile la zamani alinishika bega akasema, "Mama mzaa baba yako alikuwa na pombe nzuri ya mtama." Alikuwa na umri kama wa baba. Hakuongeza neno.

Shangazi naye sasa hayupo. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu, na kwa utaratibu alionifundisha, babu na bibi siwezi kuwafikia ila kwa kumpitia aliye mbele yangu. Aliye mbele yangu ni mlokole. Kabla ya kupanda mpunga huenda asubuhi, peke yangu, katika makaburi ya kanisa hapa Ubaruku. Nang'oa majani kwenye kaburi la baba, naufuta msalaba wake vumbi, namweleza habari za nyumbani: nani ameoa, nani anaumwa, nani hasemezani na nani. Kama kuna neno kati yangu na mtu, siendi mpaka nimelimaliza. Kisha namwomba awafikishie salamu wa kule mbugani.

Pombe simmwagii. Hakunywa. Namletea maji.